Diski Iliyoachwa Wazi

Giza lilikuwa linaanza kuingia fundi wa video alipowasha kompyuta ya studio yake, iliyokuwa chumba cha mbele cha nyumba yake. Kazi yenyewe ilikuwa ndogo: kumtolea wifi yake nakala ya mazishi ya mama mkwe. Alikuwa ameyarekodi mwenyewe, akayachoma kwenye diski kubwa, ile ya gigabaiti hamsini inayomeza harusi tatu nzima. Yalijaza nusu tu. Programu ilipomwuliza kama aifunge diski, fundi, mwanamke asiyetupa hata kipande cha uzi, alibonyeza "Acha wazi." Nafasi iliyobaki angeitia kazi nyingine.

Sasa diski ilikuwa na mafaili manne.

Yeye aliweka moja.

Alifungua la pili. Uani kwake. La tatu, mlango wake. La nne... korido, na mwisho wa korido, kitanda cha binti yake wa miaka sita. Aliyeshika kamera alikuwa akihema kwa kukwaruza. Fundi aliijua pumzi ile. Aliiuguza miezi minane.

"Ni wewe uliyeongeza haya?" alimnong'oneza wifi yake aliyeketi kando yake.

"Mimi hata kuiwasha hiyo mashine sijui," wifi alijibu. "Wifi... huyo ni mama."

Tangu mwanawe, mume wa fundi, afariki, mama mkwe alikuwa na wimbo mmoja: mjukuu ni wangu, siondoki bila yeye.

"Ivunje! Tukaitupe mbali!" wifi alisema.

"Nikiivunja namwachia atoke. Kaingilia kwenye nafasi niliyoiacha mimi. Basi nitaiziba mimi."

Harufu ya udongo mbichi ikajaa chumbani. Diski ikaanza kuzunguka yenyewe.

Grrr... grrr...

Faili la tano lilikuwa linaingia. Kutoka chumba cha nyuma, mtoto aliita kwa usingizi:

"Bibi?"

Hasira ya fundi ilizidi hofu. Akabonyeza "Sitisha," akajigeuzia kamera.

"Mama, nilikuosha, nikakulisha, ukanitukana, nikanyamaza. Leo sinyamazi ng'o! Mtoto humpati."

Akaichoma video hiyo, kisha akabonyeza "Funga." Programu ikauliza: diski ikifungwa haitaongezwa kitu tena, uendelee?

"Tena upesi!" alisema, akabonyeza.

Asilimia tisini... Meza ikatetemeka. Tisini na tisa... Kitu kikagonga mara tatu, kutoka ndani ya mashine.

Kimya.

Mtoto akatokea mlangoni akifikicha macho, mzima. Wifi akaangua kilio. Fundi alimpakata binti yake kwa nguvu, akafungua faili la mwisho kulihakiki, kama afanyavyo kwa kazi ya kila mteja.

Alijiona kwenye skrini, amekaa kitini palepale. Ila begani mwake palikuwa na mkono wa kizee, umekunjamana, ukimvuta. Maneno aliyoyarekodi hayakusikika hata moja. Yule mwanamke wa kwenye skrini aliukamata ule mkono, akaukaza kwa mikono yake miwili, akainua uso na kumtazama fundi machoni.

"Mpeleke mtoto akalale," alisema. "Mimi niko na mama huku. Hatoki."