Bembelezo la Mama Redioni

Duka la vifaa vya muziki lilifurika watu hadi mlangoni. Fundi, kama wateja wa studio yake walivyomwita, aliokota maikrofoni ya mitumba, akainusa, akairudisha upesi kama aliyeshika panya aliyekufa.

"Dada, unanunua maikrofoni au samaki?" sauti nzito ikauliza nyuma yake.

Aligeuka. Mwanamume mrefu, shati jeupe lililopigwa pasi likapigika, alikuwa akicheka.

"Wewe ungeweka mdomo hapo?"

"Hata wa adui yangu nisingeuweka."

Basi wakacheka wote wawili, na mambo yakaanzia hapo.

Fundi alikuwa na studio ndogo ghorofani, juu ya gereji. Chumba kimoja, kibanda cha kurekodia kilichozibwa kwa magodoro ya zamani, feni iliyozimwa kila mara mtu alipoimba. Kazi aliipenda, wateja waliutia moyo wake kichefuchefu. Walikuja wamekula vitunguu, wakaitemea maikrofoni mate, wakafuta jasho kwenye pazia. Kila jioni alifua sponji ya maikrofoni kwa maji ya moto huku amekunja pua. Shangazi yake, aliyeishi naye, alimcheka: "Mwanangu, kwa kinyaa hiki utaolewa na sabuni!"

Njiwa, ndilo jina la kisanii la yule mrefu, alikuwa tofauti. Alikuja kurekodi akiwa na sponji yake mfukoni. Wimbo mmoja ukazaa mwingine, simu za mchana zikazaa za usiku.

"Umekula, laazizi?"

"Nimekula. Wewe je?"

"Mimi nashiba nikikusikia."

"Muongo! Nasikia unatafuna."

Siku moja mvua ilipowafungia studioni, Njiwa alimwomba aimbe kidogo. Fundi akafumba macho, akaimba bembelezo la marehemu mama yake, lisilo na maneno, mlio tu. Alipofumbua macho alimkuta amerekodi.

"Hii ni ya nyumbani," Fundi akasema. "Isitoke humu."

"Itoke iende wapi, mpenzi?"

Mwezi haukuisha. Fundi alikuwa saluni, kichwa kimejaa povu, redio ikanguruma tangazo: vyoo vinavyonuka, wadudu, uchafu sugu, halafu dawa mpya ya kusafishia choo. Na chini ya maneno hayo, laini kama pamba, bembelezo la mama yake.

Wanawake wawili wakalifuatisha. "Tamu, eti?" msusi akasema.

Fundi alikimbilia nje na povu lake, akatapika kando ya mtaro. Kisha akapiga simu.

"Njiwa, umemtia mama yangu chooni?"

"Mpenzi, wenye tangazo walitaka mlio tu. Nilifikiri ukisikika, watu watakutafuta. Nilitaka kukushangaza…"

"Umenishangaza."

Akakata. Siku zile hakuweza kula. Alipooga alijisugua hadi ngozi ikamwasha, na bado alijiona mchafu. Shangazi alimwekea chai, akaiondoa imepoa.

Njiwa naye hakulala. Aliwaganda wenye tangazo mpaka wakaliondoa bembelezo, wakaweka sauti yake Njiwa mwenyewe. Tangazo jipya lilipoanza kusikika, akapanda ngazi za studio asubuhi, macho mekundu, kiboksi cha pete mkononi.

"Bembelezo limeondolewa. Nilikosa, Fundi wangu. Sikuelewa lilikuwa na maana gani kwako. Nioe… yaani, nikuoe." Ulimi ulimtatiza, na Fundi nusura acheke.

"Nimekusamehe," akasema.

Njiwa akamshika mkono. Fundi akauchomoa kabla hajajua anauchomoa. Vinyweleo vya mkono vilimsimama.

"Hunipendi tena?"

"Nakupenda. Ndilo tatizo. Ukinigusa nasikia choo kinasuguliwa."

"Hicho kinyaa kitapita, mpenzi. Jipe muda."

"Nimejaribu tangu ulipoingia. Kinyaa hakisikii msamaha, Njiwa. Nenda, tafadhali, ningali nakupenda."

Njiwa akakirudisha kiboksi mfukoni. Mlangoni alipishana na kwaya ya akina mama waliokuwa wakisubiri zamu yao. Kiongozi wao akamsindikiza kwa macho mpaka akazama ngazini.

"Mwanangu, kwa sauti niliyoisikia hapa mlangoni, huyo kaka si ndiye anayeimba kwenye tangazo la ile dawa ya choo?"

"Ndiye, mama."

"Anaimba vizuri!"

"Anaimba vizuri sana," Fundi akajibu, akazima feni, akavaa hedifoni na kuinamia mitambo ili wasimwone usoni. "Haya, ingieni."