Sauti ya Tatu Ndani ya Chujio

Kwanza ilikuwa harufu. Redio ya fundi ilinuka udongo mbichi, na mvua ilikuwa haijanyesha.

Kisha ikaja sauti ya mwanamume, imejibana katikati ya stesheni mbili zenye nguvu za kule kilimani, moja ya muziki, nyingine ya habari. Mama yake fundi aliisikia akikunja nguo. Shati likamponyoka.

"Baba yako huyo. Ananiita."

"Mama, baba tulimzika."

"Kwani nimesema hatukumzika?"

Tangu hapo hakugusa chakula. Alifunga mkoba wake, akauweka karibu na mlango, akangoja aambiwe aende wapi.

Fundi alilishuku chujio la redio, kifaa cha kutenganisha stesheni. Alikuwa amenunua la bei rahisi, koili zake zimezungushwa kwenye vipete vyembamba vya chuma, na chujio la namna hiyo mawimbi mawili makali yakilibana kwa pamoja huzidiwa, huyachanganya, huzaa la tatu ambalo hakuna aliyelirusha.

"Kwa hiyo nimeolewa na koili?" Mama akauliza.

"Sikiliza." Akabonyeza swichi ya kupunguza nguvu ya mawimbi. "Stesheni ya kweli itafifia kidogo. Ya uongo itaporomoka."

Muziki ukafifia. Habari zikafifia. Sauti ya marehemu ikafa.

Akafunga chujio jipya lenye vipete vinene, na katikati ya stesheni pakawa kimya. La zamani akalitupa kwenye droo, halijaungwa waya, halina umeme. Mama akala, akafungua mkoba. Ila harufu haikuondoka, na shaka ya fundi ikabaki nayo.

Alasiri moja umeme ukakatika. Redio ikazima. Mama akaita kutoka chumbani, "Mwanangu!" na fundi akadakia, "Naam!" kabla mwito haujaisha. Sauti zao zikagongana hewani. Droo ikasema, taratibu, "Nipo."

Fundi akaziba mdomo kwa kiganja, maana alielewa pale pale, harufu ya udongo ikimjaa puani, kwamba kitu kile hakikuwa na haja ya stesheni wala waya wala umeme, kilitaka sauti mbili tu zibanane, zozote zile, na kila neno ambalo angemjibu mama yake lingekuwa mlango.

Mama akatokea, mkoba begani. "Umemsikia? Tuseme tena, pamoja."

Fundi akatikisa kichwa.

"Nijibu, mwanangu. Neno moja tu."

Akamshika mkono kwa nguvu, midomo kaibana, machozi yanamtoka.

"Mume wangu!" Mama akapaza sauti. "Nipite wapi?"

Na jirani, mtu wa watu, aliyekuja tu kuuliza kama kwao pia umeme umekatika, akapaza yake kutoka nje juu ya ile ya Mama: "Hodi wenyewe!"

Droo ikafunguka kidogo.

"Karibu," ikasema. "Sisi tunatoka."

Na mkono wa Mama, ndani ya mkono wa fundi, ukalegea.