Nimeelewa, Bi Jokha

Kila nikitoka shule hupitia kwa Bi Jokha, jirani yetu hapa Wembley aliyewahi kuishi Uholanzi, anifundishe Kiholanzi. Baba amepata kazi Rotterdam, na mwezi ujao tunahamia huko. Jumamosi mwalimu wa huko angenipima kwa video. Kama ningeshindwa, ningewekwa na watoto wa miaka tisa. Mimi nina kumi na mitatu! Mwingine angelia. Mimi tangu mama afariki, mwezi wa Machi, nilikuwa silii wala sicheki. Nimekufa ganzi tu.

"Neno refu la Kiholanzi huwa ni maneno mawili yaliyoungana," Bi Jokha alisema. "Ligawe silabi silabi, piga kofi kila moja. Kofi kubwa, mara nyingi, liko kwenye neno la kwanza. SLAAP-ka-mer, chumba cha kulala. Umeelewa?"

"Nimeelewa, Bi Jokha."

Sikuelewa hata chembe. Lakini kwetu mtoto mwenye adabu hamsumbui mkubwa; akiulizwa, husema kaelewa. Nikaenda zangu, nikanakili majibu ya zoezi alilonipa, yaliyo nyuma ya kitabu.

Alhamisi akasahihisha. Yote sawa.

"Mashaallah! Haya, nisomee."

"Slaap-KA-mer. Keu-ken-TA-fel, meza ya jikoni." Nilikaza silabi ya pili kutoka mwisho, kama tusemavyo Kiswahili.

Bi Jokha akafunga daftari. "Siham, umenakili?"

"Ndiyo."

"Mbona hukuniuliza?"

"Sikutaka kukusumbua."

Nilingoja anigombeze. Hakunigombeza. Alivua miwani, akasema, "Mama yako alikuwa hivyo hivyo. Kila nikimwuliza, 'Mzima, dada, alhamdulillahi.' Mzima, na kifua kinamuuma miezi sita! Alikwenda hospitali maji yameshamfika shingoni."

Hapo kilio kikanitoka, cha kwanza tangu Machi. Nililia mpaka kwikwi. Bi Jokha akaninawisha uso.

"Sasa niambie. Hujui nini?"

"Sijui chochote."

"Vyema. Tuanze."

Tulipiga makofi siku mbili, mpaka viganja vikawasha. Jumamosi nilikosea maneno mawili. Swali moja halikuniingia, nikamwambia yule mwalimu sijaelewa. Akalirudia, basi. Nikapewa darasa la rika langu.

Baba alipokwenda nami kumshukuru Bi Jokha, yeye alinigeukia mimi. "Mficha maradhi, kifo humuumbua. Hujui, sema hujui. Unaumwa, sema unaumwa. Adabu si kunyamaza, mwanangu."

"Naumwa," nikasema. "Namtaka mama."

Baba akanivuta kifuani. "Hata mimi, Siham," akasema. "Hata mimi."