Nyimbo Bora za Marehemu

Rafiki yangu, fundi wa studio, si mtu wa kuzusha. Mchana mmoja alikuwa akikusanya nyimbo bora za mpiga gitaa la roki aliyefariki zamani, akimwacha mkewe mjamzito. Mjane huyo alikuja kuzisikiliza. Mwana aliyezaliwa baadaye, mtoto wao wa pekee na mpiga gitaa kama baba yake, alikuwa amezikwa mwezi mmoja kabla.

"Zima taa, baba, nisilie mbele yako," mjane alimwambia fundi.

Wimbo wa mwisho ulianza katika giza la studio isiyo na dirisha. Fundi alikuwa ameusikiliza mara kumi: gitaa moja tu, bila mwimbaji. Katikati, gitaa likanyamaza. Sauti nzito ikasema taratibu, "Karibu, mwanangu. Vuta kiti."

"Huyo ni mume wangu," mjane alinong'ona.

Wakasikia kiti kikiburutwa sakafuni, kisha magitaa mawili yakaanza kulia pamoja.