Ngozi ya Mama Marcelina

Kila asubuhi Mama Marcelina alifika wodini, hospitalini Musoma, akichechemea. Alibeba bakuli la sato wa kuchemsha na shuka alizofua kwa majani ya mpapai, maana mwaka ule sabuni haikuonekana madukani. Mwanzoni Boke, aliyelazwa humo, alimngoja kwa hamu, lakini sasa aligeukia ukutani.

Boke aliungua mguu nyumbani kwao Bukima, koroboi ilipolipuka. Mafuta ya taa yalikuwa yamechanganywa na petroli. Kwa kuwa alikuwa dhaifu mno, daktari alifunika jeraha kwa ngozi ya paja la Marcelina, mama yake wa kambo. Ikashika, wote wakafurahi. Halafu ikawa nyeusi, ikabanduka.

"Aliitoa shingo upande," shangazi Skolastika alimnong'oneza Boke. "Ya mama yako mzazi, Mungu amrehemu, isingekataa."

"Sili chakula chako!" Boke alimwambia Marcelina siku ile. Mama wa watu akaweka bakuli, akatoka, akaketi barazani.

Daktari Makongoro alisikia, akaketi kitandani. "Boke, sungusungu wanaolinda kijiji chenu wakimkuta mgeni usiku, wanafanya nini?"

"Wanamkamataga, wanamuuliza katokea wapi."

"Damu yako ina sungusungu wake. Wengine hujifunza kwanza sura ya mgeni. Wengine, seli wauaji, hawangoji kufundishwa. Hupapasa seli moja moja. Isiyo na alama ya mwili wako, wanaiua."

"Hata nikilala? Mbona shangazi kasema ya mama mzazi isingekataa?"

"Hata ukilala. Na alama za mama mzazi hazilingani zote na zako. Ngozi yake pia ingekataliwa."

Boke alitazama mkono wake mwembamba, akapigwa na butwaa. Jeshi zima lilikuwa humo kazini, na yeye hakuwa na habari.

"Sasa hiyo ya Mama Marcelina mliichukua ya nini?"

"Ikukinge na vijidudu mpaka upate nguvu. Sasa tutatumia ngozi ya paja lako mwenyewe. Marcelina nilimweleza mapema kwamba yake haitadumu. Akaniambia, 'Kata tu, daktari.'"

Boke aliangua kilio. "Mama! Rudi, mama! Nisamehe!" Marcelina, aliyekuwa bado barazani, alirudi mbio na mguu wake uliotolewa ngozi.

Ngozi ya pili ilishika. Siku ya kuruhusiwa, daktari aliwasindikiza hadi mlangoni.

"Walinzi wako hawajui upendo, Boke, wanajua alama tu. Wewe una akili. Ukiletewa neno baya juu ya mtu, uliza kwanza."

"Nimesikia, daktari," Boke akajibu, akamshika mama yake mkono. Wakashuka ngazi polepole, wote wawili wakichechemea.