Betri ya Mjomba Tonny

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, Adhiambo alifagia uwanja, kisha akampelekea mama yake uji ghalani. Mama yake, Dorka, aliendesha mashine ndogo ya umeme ya kunyanyulia magunia katika ghala la mahindi la Mzee Waitara, pale Tarime. Wanaume walibeba magunia mabegani, yeye akabonyeza kitufe tu. Adhiambo aliringa jamani!

Betri ya mashine ilipokufa, mama alimwachia binti yake simu.

"Mpigie mjomba Tonny, atuletee betri kutoka huko kwake, ng'ambo ya mpaka. Mwambie tusiletewe ya kuwashia gari. Ile hutoa nguvu nyingi mara moja, basi. Sisi tunataka ya kutoa umeme taratibu kutwa nzima. Umesikia?"

"Nimesikia, mama."

Kusikia alisikia, lakini nje wenzake walikuwa wakiruka kamba na zamu yake ilikuwa imefika. Akapiga simu mbio mbio: "Mjomba, shikamoo. Mama anataka betri kubwa, yenye nguvu." Akakata. Jioni mama alipouliza, alijibu bila hata kupepesa macho, "Nilimweleza yote."

Mjomba Tonny alikuwa fundi viatu, mambo ya mashine hayajui. Akavuka mpaka pale Sirari na betri ya lori. Mama aliigeuzageuza, akasita. Lakini si mwanawe alisema ameeleza yote? Ikafungwa.

Mwanzoni mashine ilinyanyua vizuri. Baadaye ikawa inaishiwa nguvu kabla ya mchana, hata ikichajiwa usiku kucha. Siku moja ikagoma magunia yakiwa juu. Mama akajaribu kuyashusha kwa mikono, gunia likaporomoka na kumvunja mguu.

Mzee Waitara alikuja nyumbani kumpa pole, lakini uso ulikuwa umekunjamana. "Dorka, kaka yako ametuingiza mkenge. Mashine nitampa mtu mwingine. Na huyu Tonny asikanyage tena ghalani kwangu."

Mjomba, aliyekuja kumuuguza dada yake, aliinamisha kichwa. Alionekana mwizi mbele ya watu, maskini, na hakuiba kitu. Adhiambo alishindwa kuvumilia, akaangua kilio.

"Mzee, mjomba hana kosa! Mimi sikumwambia. Nilimdanganya mama."

Mzee Waitara alimshika Tonny mkono, akamwomba radhi. Wiki hiyo hiyo walinunua betri inayofaa, na mashine ikawa inafanya kazi mpaka jioni. Aliyeiendesha sasa ni Simioni, mmoja wa wale wabeba magunia. Mzee aliahidi kumrudishia Dorka kazi yake akipona, ila daktari alisema mfupa ule utachukua muda mrefu.

Adhiambo aliacha kupeleka uji ghalani. Alimpelekea mama kitandani, na siku nyingi hakuthubutu kumtazama usoni.

"Kaa hapa, nyathina, mwanangu," mama alimwambia asubuhi moja. "Kusahau si kosa kubwa. Ungesema umesahau, ningempigia mjomba wako jioni ile ile, na leo ningekuwa kazini. Ukikosea, sema mapema, kabla mwingine hajaumia. Ile betri niliitilia shaka nilipoiona. Lakini neno lako nililiamini kuliko macho yangu."