Usiku Fatu Alipolala

Pumzi zilikuwa tatu. Fatu alizihesabu gizani: ya mumewe, Shaban, aliyekuwa akikoroma, ya mwanawe Amri, mwenye siku hamsini, na ya tatu, nzito, kutoka upande wa ukutani alikolala mtoto.

Ilikuwa katika kijiji cha Mpemba, mwaka 1979, na huo ulikuwa usiku wa tisa bila usingizi. Kichwa kilimsumbua tangu ajifungue. Zahanati ilikuwa imeishiwa dawa, basi Shaban, mfanyabiashara, alimletea vidonge kutoka Nakonde, ng'ambo ya mpaka. Kila baada ya isha alimeza viwili. Kichwa kilipoa, macho yakabaki makavu hadi alfajiri. Akikaa kitako, pumzi ile ilikoma. Akilala, ilirudi, na pamoja nayo harufu ya udongo uliochimbwa sasa hivi.

Jirani yake Nesta, Mnamwanga wa hapohapo, alimsikiliza huku akipepeta mahindi. Akauliza walimuuliza nani kabla ya kujenga. Fatu akasema wao ni watu wa Ujiji, hawakumjua mtu. Kamati ya kijiji cha ujamaa ndiyo iliyopima kiwanja kwa kamba.

"Kamba haiulizi," Nesta alisema kwa sauti ya chini. "Hapo ni mahame, shoga, mji uliohamwa. Mama mwenye mji alikufa kwa uzazi, akazikwa nyuma ya nyumba yake. Hakuwahi kumnyonyesha mtoto wake."

"Sasa anataka nini kwangu?"

"Kwako hataki kitu."

Shaban hakutaka habari za mahame. Alimpeleka kwa Rubeni, mganga wa zahanati, aliyegeuza pakiti ya vidonge na kusoma maandishi madogo.

"Humu wamechanganya kafeini, dada, ileile ya kwenye kahawa," alisema. "Unakunywa kahawa usiku, halafu unamsingizia jini."

Shaban alicheka mpaka akashika mlango. Rubeni akampa Fatu vidonge vingine, visivyo na kafeini, vilivyofika wiki ile. Fatu naye alicheka. Maelezo yale yalitosha kwa macho. Kwa pumzi hayakutosha, lakini alikuwa amechoka.

Usiku huo alimhamishia Amri kifuani pake, akajiambia atasinzia kidogo tu, sikio likiwa wazi, na alipoisikia ile pumzi ikibanduka ukutani na kusogea taratibu, ikipita miguuni pa Shaban, ikizunguka kitanda hadi upande wake, ikiinama karibu kabisa na kichwa cha mtoto, alitaka kuketi kama alivyoketi siku zile tisa, akauamuru mkono, akauamuru mguu, na usingizi alioungoja siku zote hizo ukamfunika kama mchanga.

Aliamka jua limeshaingia ndani. Shaban alikuwa akinywa chai, uso umekunjuka.

"Umeona? Dawa tu," alisema. "Na mtoto umemnyonyesha vizuri. Nimemsikia akifyonza mara tatu."

Fatu alijishika kifua. Matiti yake yalikuwa yamejaa mpaka yanauma, magumu, kama ya mama ambaye mwanawe hajanyonya tangu jana. Alimpakata Amri, akampa ziwa. Mtoto akageuza uso. Akampa la pili. Akageuza tena, ameshiba, akacheua.

Maziwa yalimtoka pembeni mwa mdomo. Fatu akayafuta kwa kidole.

Yalikuwa ya baridi.